Bakteria au akea: yupi anakufaa kwa kazi uliyo nayo?

Paka tone la kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na maji kwenye kioo, kisha ulitazame kwa hadubini ya shule. Utaona vijiti, vidoa na nyuzi fupi vikitetemeka. Baadhi ni bakteria, baadhi ni akea, na kwa kutazama tu hutaweza kuwatenga. Wote ni seli mojamoja zisizo na kiini kilichozungushiwa utando. Wote wana urefu wa mikromita chache, DNA yao kwa kawaida ni pete moja kubwa, mara nyingi pamoja na vipete vidogo vya plasmidi, ribosomu zao, yaani mitambo ya kutengeneza protini, ni za kipimo cha 70S (kipimo cha kasi ya kuzama), na huongezeka kwa kugawanyika.

Ndiyo maana hadi miaka ya 1970 waliwekwa fungu moja. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilinganisha RNA ya ribosomu za vijidudu mbalimbali, wakakuta kwamba vile vinavyotengeneza methani havina undugu wa karibu na bakteria kuliko ulio kati yao na viumbe wenye kiini. Mwaka 1990 Woese, Otto Kandler na Mark Wheelis walipendekeza viumbe vyote vigawanywe katika domeni tatu: bakteria, akea, na yukaria, ambamo tumo sisi, mimea na kuvu.

Ulinganisho huu nimemwandikia mtu anayelazimika kuchagua: anayenunua kimeng'enya cha PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), anayeendesha mtambo wa biogesi, anayetaka kuotesha vijidudu vya ziwa la magadi, au anayepanga kupima DNA ya udongo. Msimamo wangu ni kwamba usichague kwa kuangalia sura wala makazi. Angalia mambo matatu: utando, ukuta, na mitambo ya kusoma na kunakili jeni. Hayo ndiyo yanayoamua.

Makazi nayataja makusudi, kwa sababu bado kuna mazoea ya kufundisha kwamba akea ni wa maji yachemkayo na chumvi kali, na bakteria ni wa kwingine kote. Si kweli. Methanobrevibacter smithii ni akea na anaishi kwenye utumbo wa binadamu. Nitrosopumilus maritimus, akea anayepata nguvu kwa kuoksidisha amonia, alipatikana mwaka 2005 kwenye tangi la jumba la samaki la Seattle, maji ya bahari ya kawaida kabisa. Kwa upande wa pili, Aquifex ni bakteria na hustahimili hadi nyuzi 95 za Sentigredi. Rekodi ya joto ni ya akea, ni kweli: Methanopyrus kandleri ameoteshwa kwa nyuzi 122, chini ya mgandamizo mkubwa. Lakini rekodi ya mmoja si kitambulisho cha ukoo mzima.

Utando

Utando wa bakteria ni matabaka mawili ya lipidi, yaani molekuli za mafuta, yaliyoelekezana mikia. Kila lipidi ina gliseroli, na kwenye gliseroli hiyo hufungwa mikia miwili ya asidi za mafuta kwa kifungo cha esta. Kifungo hicho ndicho kinachokatika mafuta yanapochemshwa na alkali kutengeneza sabuni, kwa hiyo udhaifu wake unajulikana: alkali kali na joto hukikata.

Akea hutumia kifungo cha etha, ambacho ni kigumu zaidi kukatwa na joto, asidi au alkali. Mikia yake nayo si asidi za mafuta; ni minyororo ya isoprini yenye vitawi vya methili ubavuni. Tena hata gliseroli yenyewe imegeuka. Bakteria hujenga juu ya gliseroli-3-fosfati, akea juu ya gliseroli-1-fosfati. Molekuli hizo mbili ni taswira ya kioo ya kila moja, na vimeng'enya vinavyozitengeneza havina undugu. Baadhi ya bakteria wa maji moto wana vifungo vya etha pia, kwa hiyo etha peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Upande wa gliseroli ndio unaobaki kuwa alama ya kutegemewa.

Kwa akea wengi wapendao joto au asidi, kama Sulfolobus na Thermoplasma, mambo yanaenda mbali zaidi. Mikia ya lipidi za juu imeungana na mikia ya lipidi za chini, hivi kwamba molekuli moja inavuka utando wote. Ni sawa na godoro la pamba lililopigwa nyuzi kutoka juu hadi chini: kitambaa cha juu hakiwezi kujitenga na cha chini. Utando wa matabaka mawili ukipata joto kubwa huanza kulegea na kuvujisha. Huu wa kipande kimoja hauna pa kufunguka. Thermoplasma acidophilum, aliyepatikana kwenye lundo la mabaki ya makaa ya mawe lililokuwa likiungua polepole huko Indiana, huishi kwenye asidi ya pH 2 na joto la nyuzi 59, na hana ukuta wa seli hata kidogo. Kinachomkinga na asidi yote hiyo ni utando peke yake.

Minyororo ya isoprini ina matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Akea huitengeneza kwa njia ya mevalonati, ambayo moja ya vimeng'enya vyake ndicho kinachozuiwa na dawa za statini wanazotumia watu wenye lehemu nyingi. Kwa hiyo statini husimamisha ukuaji wa akea wengi. Wanaofanya uhandisi wa jeni kwa Haloferax, akea wa chumvi, wamezitumia kwa miaka mingi kuchagua seli zilizopokea plasmidi, jinsi wenzao wa E. coli, bakteria wa maabara, wanavyotumia antibiotiki ya ampisilini.

Ukuta, na dawa zinazoulenga

Karibu bakteria wote wana ukuta wa peptidoglikani: minyororo ya sukari mbili zinazopokezana, mojawapo ikiwa asidi ya N-asetilimuramiki, iliyofungamanishwa kwa vipande vifupi vya asidi amino, zikiwemo za umbo la D ambalo protini za kawaida hazina. Hans Christian Gram, daktari wa Denmaki, alibuni mwaka 1884 namna ya kuwapaka rangi inayotegemea ukuta huu. Wenye ukuta mnene hushika zambarau. Wenye ukuta mwembamba na utando wa pili kwa nje huipoteza, wakabaki na waridi ya rangi ya pili. Utando huo wa nje hubeba lipopolisakaridi, na hiyo nitairudia kwenye insulini.

Akea hawana peptidoglikani. Wengi wamejifunika kwa tabaka la protini zilizopangwa kwa mpangilio wa fuwele, liitwalo tabaka la S. Ukoo wa Methanobacterium una kitu kinachofanana na peptidoglikani kwa mbali, murini bandia, lakini sukari yake ni nyingine, vifungo vyake ni vya β-1,3 badala ya β-1,4, na hakina asidi amino za umbo la D. Lisozaimu, kimeng'enya kilichomo kwenye machozi na ute wa yai, hukata vifungo vya bakteria na kuviacha hivi vizima. Rangi ya Gram nayo inaweza kuwapaka akea zambarau au waridi, lakini jibu hilo halikuambii chochote kuhusu ukoo wao. Ukiona ripoti ya maabara inayotumia Gram kuamua kama kijidudu ni akea, irudishe.

Penisilini, amoksisilini na sefaloporini huua kwa kuzuia ufungamanishaji wa peptidoglikani. Vankomaisini hufika palepale kwa njia nyingine. Kwa akea dawa hizi hazina pa kushika. Mtafiti anayetaka kutenga akea wa methani kutoka kwenye tope hufaidika na hilo: hutia penisilini au vankomaisini kwenye chupa yake ya kuoteshea, bakteria wanazimika, akea wanabaki. Ukitaka kinyume chake, yaani bakteria bila akea wa methani, kizuizi kinachotumika zaidi ni bromoethanisulfonati, kinachofunga kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kutengeneza methani. Usidhani kila antibiotiki inafuata mgawanyiko huu, lakini. Metronidazoli, ambayo haina uhusiano na ukuta, huwazuia pia akea wa methani.

Kwa mwenye kujiuliza upande wa tiba: hadi leo hakuna akea aliyethibitishwa kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa fulani wa binadamu, ingawa Methanobrevibacter oralis huonekana mara kwa mara kwenye fizi zenye maradhi. Wala hakuna akea anayejulikana kuunda endospora, zile spora ngumu za Bacillus na Clostridium zinazonusurika kwenye maji yanayochemka. Kwa hiyo unapopanga kusafisha vifaa kwa mvuke, anayekupa kazi ni bakteria.

Mitambo ya kusoma jeni

Hapa akea wanatukaribia sisi. Polimerasi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, kwa bakteria ina sehemu tano za msingi na inahitaji kipande cha sigma ili kutambua jeni inaanzia wapi. Ya akea ina sehemu 11 hadi 13, na hutumia protini za TBP na TFB, ndugu za zile zilizomo kwenye seli zetu. Rifampisini, dawa inayojulikana na kila kliniki ya kifua kikuu, hushika sehemu ya beta ya polimerasi ya bakteria. Haiishiki ya akea, kama isivyoishika ya mgonjwa, na ndiyo sababu inaweza kumezwa kwa miezi bila kusimamisha seli za mtu.

Ribosomu ndizo zinazodanganya zaidi. Kwa kipimo ni 70S kwa wote, lakini protini zake na namna ya kuanza kazi ni tofauti. Bakteria huanza kila protini kwa methionini yenye kikundi cha formili. Akea huanza kwa methionini ya kawaida, kama sisi. Streptomaisini haiwasumbui akea walio wengi. Anisomaisini, inayosimamisha ribosomu za viumbe wenye kiini, huwasimamisha akea wa chumvi. Hata sumu ya dondakoo hushambulia protini ya akea inayosukuma ribosomu mbele, kwa sababu ina asidi amino ileile iliyogeuzwa ambayo sumu hiyo huilenga kwetu.

Akea wengi pia huzungushia DNA yao kwenye histoni, protini za kukunjia DNA kama zetu. Bakteria wengi wana protini nyingine za kuikunja.

Kuhusu kuogelea nitasema machache. Flagela ya bakteria ni mrija mtupu ndani, hukua kwa nchani, na injini yake huendeshwa na protoni au sodiamu zinazorudi ndani ya seli. Ya akea imejaa, ni nyembamba zaidi, hukua kutoka shinani, na huendeshwa na ATP, molekuli ya nishati ya seli. Zote mbili huzunguka na kusukuma seli, lakini hazikutoka kwa mzazi mmoja. Ni jambo la kuvutia sana kwa anayesomea mageuzi, ila sijaona kazi ya mikono ambayo uamuzi wake unategemea hilo.

Ukinunua kimeng'enya cha PCR

Huu ndio uchaguzi wa wazi kabisa kati ya bakteria na akea, na watu huufanya kila siku bila kujua.

Kimeng'enya kiitwacho Taq kinatoka kwa Thermus aquaticus, bakteria aliyekusanywa na Thomas Brock na Hudson Freeze kwenye chemchemi za Yellowstone, Marekani, wakamtangaza mwaka 1969. Hupendelea nyuzi 70. Kile kiitwacho Pfu kinatoka kwa Pyrococcus furiosus, akea aliyetengwa na Gerhard Fiala na Karl Stetter kutoka mchanga wa moto wa pwani ya kisiwa cha Vulcano, Italia, akatangazwa mwaka 1986. Huyu hustawi kwenye nyuzi 100. Tofauti ya ustahimilivu inaonekana kwenye mashine: kwa nyuzi 95 Taq hupoteza nusu ya nguvu zake katika dakika 40 hivi, wakati Pfu baada ya saa nzima bado iko karibu na nguvu zake zote.

Lakini ustahimilivu si sababu kubwa ya kuchagua Pfu. Sababu kubwa ni usahihi. Pfu ina uwezo wa kurudi nyuma na kukata herufi ya DNA iliyowekwa vibaya; Taq haina. Makosa ya Pfu ni pungufu mara sita hadi kumi. Ukitaka kuingiza jeni kwenye plasmidi na kuitumia kutengeneza protini, kosa moja linaweza kuharibu kazi ya wiki nzima, kwa hiyo chukua Pfu au mojawapo ya vimeng'enya vipya vilivyojengwa juu yake.

Ukitaka tu kujua kama kimelea cha malaria au bakteria wa kifua kikuu yumo kwenye sampuli au hayumo, Taq inatosha, ni rahisi, na ina kasi maradufu: dakika moja kwa kila herufi 1,000, Pfu ikihitaji kama mbili. Na kuna kipimo ambacho Pfu haikiwezi kabisa. PCR ya kupima kiasi inayotumia vichunguzi vyenye rangi hutegemea kimeng'enya kinachokata kila kinachokizuia mbele yake. Taq hufanya hivyo, Pfu haina sehemu hiyo.

Jambo la tatu limewakwamisha wengi, na linatoka moja kwa moja kwenye biolojia ya akea. Polimerasi za akea za aina hii hutambua urasili, herufi ya RNA isiyotakiwa kuwemo kwenye DNA, na kusimama herufi chache kabla ya kuifikia. Kwa akea anayeishi kwenye joto, ambako sitosini, herufi C ya DNA, hugeuka kuwa urasili kwa urahisi, huo ni ulinzi. Kwako wewe ni tatizo ikiwa maabara yako hutumia dUTP, kijenzi chenye urasili, kuzuia uchafuzi wa PCR zilizotangulia, au ikiwa DNA yako imepitishwa kwenye bisulfiti, inayogeuza sitosini kuwa urasili, kwa ajili ya kupima methili. Reaksheni hutaiona ikikupa ujumbe wa kosa. Jeli itatoka tupu tu. Kwa kazi hizo tumia Taq, au Pfu iliyobadilishwa ili isisimame.

La mwisho ni la mezani. Ile sehemu ya Pfu inayosahihisha inaweza pia kuzitafuna praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, zikikaa nayo kabla ya joto kupanda. Changanya vyote kwenye barafu, kimeng'enya kiwe cha mwisho kuingia, na mashine iwe tayari imepashwa. Na kumbuka kwamba Taq huacha herufi A moja ikining'inia mwishoni, Pfu huacha ncha butu. Seti ya vifaa vya kuunganisha plasmidi uliyonunua lazima ilingane na mojawapo.

Ukiendesha mtambo wa biogesi

Hapa hakuna kuchagua mmoja na kumwacha mwingine. Unachochagua ni nani umlinde, na jibu ni akea.

Bakteria ndio wanaoanza. Huvunja selulosi, wanga, protini na mafuta, kisha huchachusha mabaki kuwa asidi nyepesi, na hatimaye asidi ya siki, haidrojeni na kaboni dioksaidi. Akea huchukua hapo na kutengeneza methani. Karibu theluthi mbili ya methani hutoka kwenye asidi ya siki, kazi ya Methanosarcina na Methanothrix. Inayobaki hutoka kwenye haidrojeni na kaboni dioksaidi. Hakuna bakteria anayejulikana kuishi kwa kutengeneza methani namna hii. Ukitaka moto jikoni, unamtegemea akea.

Shida ni kwamba bakteria hukua haraka na akea hukua polepole. E. coli kwenye chakula kizuri hugawanyika kila baada ya dakika 20. Methanothrix huhitaji siku kadhaa. Mtambo ukilishwa kupita kiasi, mabaki ya jikoni yakimiminwa mengi kwa siku moja, bakteria hutengeneza asidi kuliko akea wanavyoweza kuila. pH inashuka chini ya 6.5, akea wanapunguza kazi, asidi inazidi. Dalili ya kwanza mara nyingi si gesi kukosekana. Gesi ipo, kuba imejaa, ila mwali ni dhaifu au hauwaki, kwa sababu kilichojaa ni kaboni dioksaidi. Harufu ya tope nayo inakuwa kali ya kuchachuka.

Dawa yake ni kuacha kulisha kwa siku kadhaa ili akea wafikie mlundikano huo, na kuongeza kinyesi kibichi cha ng'ombe, ambacho hubeba akea wa methani kutoka tumboni mwake. Kwa sababu hiyohiyo mtambo mpya, hata kama utalishwa kinyesi cha kuku au nguruwe baadaye, uanzishwe kwa kinyesi cha ng'ombe. Mitambo ya kuba isiyohamishika, ya aina ambayo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, imeisambaza Tanzania tangu miaka ya 1980, inawatendea akea vizuri kwa kuwa imezikwa: joto la udongo halibadilikibadiliki, na oksijeni, ambayo ni sumu kwao, haipati njia.

Vipi kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa penisilini? Ukuta wa akea hauguswi, lakini bakteria wanaomlisha wanaguswa. Akea atakufa njaa akiwa mzima. Kinyesi cha siku za matibabu kiende shambani.

Ukiwa na hadubini ya mwanga wa fluoresensi, unaweza hata kuwaona. Akea wa methani wana kisaidizi cha kimeng'enya kiitwacho F420, kinachong'aa bluu ya kijani kinapomulikwa kwa mwanga wa karibu nanomita 420. Katikati ya vijiti vyote vya giza, vinavyong'aa ndivyo vinavyopika chakula chako. Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, linaonyesha kazi hiyo ikiachwa iendelee muda mrefu: kwenye maji yake ya kina kirefu kumeyeyuka methani ipatayo kilomita za ujazo 60, sehemu kubwa ikiwa kazi ya akea, na leo inavutwa juu kuendesha mitambo ya umeme upande wa Rwanda.

Ukiotesha vya chumvi na magadi

Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa yana wote wawili, na rangi zake zinajulikana hata kwa msafiri wa ndege. Kijani cha Bogoria na Nakuru mara nyingi ni Arthrospira, bakteria wa usanisinuru, chakula kikuu cha heroe wadogo. Wekundu wa Magadi na Natron, pale maji yanapokaribia kuganda kwa chumvi, kwa sehemu kubwa ni akea wa chumvi. Natrialba magadii alitengwa Ziwa Magadi, Kenya, na jina lake linabeba asili yake.

Ukitaka kijidudu kinachotengeneza sukari kwa klorofili na kutoa oksijeni, chagua bakteria. Hakuna akea anayefanya hivyo. Halobacterium hutumia mwanga pia, kwa protini ya zambarau iitwayo bakteriorodopsini, lakini protini hiyo husukuma protoni tu, haijengi sukari.

Namna wanavyoishi na chumvi ndiyo itakayoamua chombo chako cha kuoteshea. Bakteria wengi wa chumvi huzuia chumvi nje na kujaza ndani yao viyeyushwa visivyodhuru, kama ektoini na betaini, kwa hiyo huvumilia mabadiliko ya kiwango cha chumvi. Akea wa chumvi hujaza potasiamu kloridi ndani hadi kulingana na nje, na protini zao zimezoea hali hiyo kiasi kwamba bila chumvi huharibika. Tabaka la S la Halobacterium linashikiliwa na sodiamu. Umtie kwenye maji matamu, seli inapasuka papo hapo na maji mekundu yaliyokuwa na ukungu yanakuwa angavu. Kwa hiyo usioshe seli hizo kwa maji ya mfereji wala yaliyokenekwa. Osha kwa maji ya chumvi ya kiwango kilekile walichooteshwa. Angalia na peptoni, chakula cha protini cha kuoteshea, unayonunua: baadhi zina mabaki ya chumvi za nyongo, na nyongo huwapasua akea hawa hata kama chumvi imetosha.

Wekundu peke yake usikupe jibu. Mwaka 2002 ilitangazwa Salinibacter ruber kutoka mabwawa ya chumvi ya Hispania: nyekundu, mpenda chumvi kali, amejaza potasiamu ndani kama akea, na ni bakteria kamili. Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, bwawa likigeuka waridi kabla ya mavuno, kinachoamua ni kipimo cha lipidi au cha jeni, si rangi.

Ukitaka kiwanda cha protini

Chagua bakteria, karibu kila mara. E. coli anakua usiku mmoja kwenye nyuzi 37, plasmidi zake zinapatikana kila mahali, na insulini ya binadamu iliyotengenezwa naye iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Gharama yake kubwa iko kwenye ule utando wa nje: lipopolisakaridi huleta homa na hata mshtuko ikiingia kwenye damu, kwa hiyo kila dawa ya sindano inayotoka kwa E. coli lazima isafishwe mpaka lipopolisakaridi ishuke hadi kiwango salama. Akea hawana lipopolisakaridi, na lipidi zao zinafanyiwa utafiti kama vibebeo vya chanjo. Kwa protini ya kawaida, hata hivyo, hilo halitoshi kukufanya uhangaike na kuwaotesha.

Ukipima DNA ya sampuli

Soma maelezo ya praima kabla ya kulipa. Jozi nyingi zinazouzwa kama za 16S, jeni ya RNA ya ribosomu inayotumika kutambua vijidudu, zilibuniwa kwa bakteria, na huwaruka akea au huwahesabu pungufu. Ripoti ya udongo au ya tope inayosema akea hawamo, huku ikitumia jozi ya namna hiyo, haijapima akea. Omba jozi inayowashika wote, au ongeza jozi ya akea peke yake. Kwa mtambo wa biogesi ningeacha 16S na kulipia jeni ya mcrA, inayobeba maelekezo ya kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya methani: inapatikana kwa akea wa methani na jamaa zao wa karibu, haimo kwa bakteria, na idadi yake inakuambia moja kwa moja kuhusu wale unaowategemea.